Musifukie Shimo la C3

Nyinyi munaokuja kilimani nyuma yangu, mutakuta mashimo yote yamefukiwa na majani yameota juu, isipokuwa moja. Liko upande wa chini, karibu na migomba ya jirani, na mvua imebomoa kona yake. Mutaambiwa mulifukie siku ya kwanza, juu ya mbuzi anayeweza kuanguka ndani. Mbele ya kushika jembe, musome hii. Ni ndefu kidogo. Mimi ni mutu wa retraite, niko na nafasi ya kuandika.

Retraite, kustaafu, njo neno walilotumia. Walinisimamisha mbele ya watu, wakanipa kitenge na soda ya baridi, wakasema Mama Ornella ametumika sana, sasa apumuzike, alee mutoto. Mutoto mwenyewe alikuwa pale na viatu vya shule miguuni, anaomba kuonja soda. Sina hata unywele mmoja mweupe. Baba yangu alitumika mpaka magoti yakakataa kupanda kilima cha Kadutu kule Bukavu, na hakuna mutu aliyemuambia apumuzike. Ukiona unaambiwa upumuzike ungali na nguvu, ujue wamechoka kukusikia. Sasa nasikia kule kilimani wananiita "ancienne", wa kale, kama vile tunavyoita vyungu. Sawa. Ancienne anasema.

Nilianza kazi hii bila kujua ni kazi gani. Nilikuwa na diplome yangu ya sekondari ndani ya sashe ya plastiki, juu ya kabati, na nilikuwa nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na mama yangu. Parokiani walibandika tangazo: wanatafuta wasichana wenye kuandika vizuri na wenye uvumilivu. Nikafikiri ni kazi ya biro, ya kukaa mezani. Nikavaa viatu vya misa. Tukapandishwa ndani ya gari mpaka upande wa Kavumu, tukaacha barabara ya Goma, tukapanda kwa miguu katikati ya mashamba ya mihogo. Juu tukamukuta Prof. Alikuwa mwalimu wa université, mwembamba, na kofia iliyochanika upande mmoja. Akaangalia viatu vyangu, kisha akanipa mwiko wa fundi mujenzi, ule mudogo wenye ncha, tunaouita truelle.

"Mama, biro yetu njo hii. Piga magoti."

Nikapiga magoti. Viatu vile sikuvivaa tena kwa misa.

Watu wa pale walijua tunatafuta dhahabu. Wako na ndugu wanaochimba Mwenga na Shabunda, wanajua shimo la mutu mwenye akili linaonekana namna gani, na letu halikufanana. Letu lilikuwa dogo, pembe zimenyooka, kamba imefungwa kwa vijiti pande zote, na wasichana wako ndani wanafagia. Muzee mmoja alisimama juu yetu asubuhi nzima. Mwishowe akauliza:

"Munafagia udongo?"

"Ndiyo, Papa."

"Mukimaliza?"

"Tunauchora."

"Ee," akasema. "Leta." Leta ni serikali. Akaenda zake, hakurudi tena kutuangalia.

Kitu cha kwanza nilichotoa ardhini kilikuwa kizito, cheusi, kina matundu kama mukate ulioungua. Prof akakipokea kwa mikono miwili. Kumbe ni mavi ya chuma, yale yanayobaki watu wakiisha kuyeyusha chuma. Nimesoma mpaka diplome ili nije kuokota mavi, nilisema, na Prof akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alikuwa anacheka sana siku zile. Nataka mujue hivyo, juu mutakutana naye na hamutaamini.

Yeye njo alinifundisha kila kitu. Kigae usikisugue upande wa mapambo, kipitishie tu buroshi ya meno iliyokwisha kuchakaa. Buroshi mupya inakwangua. Usikianike juani, kitapasuka. Weka kivulini juu ya mukeka na umukataze kuku. Udongo ukikudanganya rangi, unyunyizie maji kidogo: ule wa majivu utabaki kijivu, ule mwekundu utakuwa mwekundu zaidi. Na ukiokota kidude usijue kama ni mufupa ao jiwe, kiweke kwa ncha ya ulimi. Jiwe linateleza. Mufupa unashika. Mara ya kwanza utasikia haya, kisha utafanya bila kufikiri, hata nyumbani na maharagi.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kuhusu neno moja. Kila mufuko wa vigae una karatasi yake ndogo, fiche, na kwenye fiche kuna musitari umeandikwa: origine. Pale tunaandika shimo gani na tabaka gani. C3, tabaka la nne. Basi. Siku moja nilimukimbilia na kigae kizuri sana, chenye mistari kama ya kusuka nywele, nimekibeba kwa kitambaa.

"Prof, angalia namna hii iko nzuri."

"Ililala wapi?"

"Pale... upande ule."

"Tupa."

"Prof?"

"Tupa, mama. Usiniambie iko nzuri. Uniambie ililala wapi. Kitu chenye hatujui kililala wapi ni takataka yenye mapambo."

Nililia siku ile. Lakini nikashika. Kwa kazi yetu, origine ya kitu ni pale ulipokikuta kimelala. Si baba yake. Si kabila yake. Ni pale.

Sasa niwaambie gari na hema zilitoka wapi. Zilitoka kwa Président. Si yule wa inchi; huyu ni président wa shirika la kabila letu, yale mashirika wanayoita mutualité, yanayosaidia kwa kilio na kwa ndoa na, wakati wa uchaguzi, kwa mengine. Alitaka tuchimbe ili ijulikane nani alifika wa kwanza. Alikuja kilimani na suti, na mwavuli unaobebwa na mutu mwingine.

"Prof, tumefikia wapi? Beko ba kwetu, bale ba kwanza?"

Prof akamuonyesha chungu. Chini, kwenye tako, kulikuwa na kishimo kidogo, kama mufinyanzi alibonyeza kidole gumba mbele ya kukichoma. Président naye akaweka kidole gumba chake pale ndani, kikaenea, akafurahi.

"Ile kidole njo ya kwetu," akasema.

"Président, vyungu vyenye kishimo kama hiki viko ng'ambo ya ziwa. Viko ng'ambo ya Ruzizi. Viko mbali kule kwenye ziwa lingine kubwa. Wale mama walikuwa wanafinyanga mbele mipaka haijazaliwa. Unafikiri waliomba viza?"

Sisi shimoni tukacheka chini chini. Président akacheka pia, ya meno tu. Prof huyu njo niliyemupenda kama baba. Mumukumbuke hapa, na kofia yake, anasema vile mbele ya mutu mwenye gari.

Katikati ya kazi nikaolewa. Baba Ornella ni wa Luberizi, kule chini kwenye plaine, tambarare ya muto Ruzizi. Wazazi wake wanalima mupunga. Yeye ni fundi wa milango, yuko na kibanda Cimpunda, mutaa wa Bukavu, na tunaishi nyuma ya kibanda. Mimi kwetu ni pale pale, vilima vya upande wa Kavumu. Mama yangu aliuliza tu kama anakunywa. Hanywi. Ikaisha. Ornella alizaliwa, na baada ya muda nikarudi kilimani naye mugongoni. Nilikuwa namulaza juu ya mukeka, chini ya migomba, karibu na vigae, na nilikuwa nakataza kuku kwa ajili ya wote pamoja.

Wakati ule ule Président alituletea Papa Zihindula, awe jicho lake kilimani. Papa Zihindula alitumika maisha yake yote kwa état civil, pale wanapoandika watoto wanaozaliwa. Alikuwa retraite ya kweli, ya mvi. Muzee wa adabu: shati limepigwa pasi, bic mbili za kuandikia mufukoni, ya bluu na nyekundu. Maandishi yake yalikuwa mazuri kuliko yetu wote, basi Prof akamupa fiche ajaze. Mwisho wa siku nikachukua mifuko niipange, nikasoma.

"Papa, hapa umeandika nini?"

"Origine."

"Umeandika groupement, vijiji vyake. Umeandika chefferie, chifu wake. Umeandika na kabila."

"Sasa origine ni nini ingine?"

"Papa, ni kigae. Kigae kiko na kabila?"

"Mama Ornella," akasema polepole, kama mutu anayeongea kupitia dirisha la biro, "mimi nimejaza ile nafasi mbele haujazaliwa. Kila mwenye kupita pale iko na groupement. Hata wale hawakutaka."

Tulicheka mpaka msichana mmoja akakaa chini. Prof naye alicheka, akamufundisha vizuri, na Papa Zihindula akarudia fiche zote bila kununa. Ndani ya inchi hii, mutu akiona neno origine, mukono wake unaandika peke yake. Sijui kama watu wa mahali pengine wanafanya kosa lile. Sisi tumelifundishwa tangu batême, tangu kubatizwa.

Kisha ikafika siku ya C3.

Nilikuwa peke yangu mule, pale udongo mweusi unaisha na mwekundu unaanza. Truelle ikagusa kitu, na sauti ilikuwa ya chungu kizima, si ya kigae. Mutajifunza kuitofautisha, kigae kinalia, chungu kinaitika. Nikachukua buroshi. Vilikuwa vyungu viwili, kimoja kimefunika kingine, mudomo kwa mudomo. Vidogo. Nikaita Prof. Akashuka, tukachora, tukapiga picha, kisha akainua cha juu kwa vidole, kama unavyotoa kifuniko bila kutaka kuamusha mutu.

Ndani udongo ulikuwa laini. Nikafagia kidogo. Kulikuwa na vifupa kama vijiti vya kiberiti. Prof hakuwa na hakika.

"Inaweza kuwa ndege," akasema. "Jaribu kwa ulimi."

Nilikuwa nimejaribu vifupa vingapi kwa ulimi, hata siwezi kujua. Nikafungua mukono, nikaona kipande cha kichwa, cha mviringo, chembamba kama ganda la yai. Na pale pale nikasikia blauzi imelowa mbele. Ornella alikuwa amelala chini ya migomba, hakulia, hakuna aliyenyonya. Maziwa yalishuka yenyewe.

"Prof, mimi sitatia mutoto wa mwenzangu mu kinywa."

Hakusisitiza. Akatoa kofia.

Kwa upande wa mama yangu, mutoto akifa angali ananyonya anazikwa karibu na nyumba, pale mama atakuwa anapitia akienda kuchota maji. Mama wa yule mutoto alifanya vile, najua; tulikuwa tumekuta jiko lake karibu sana, majivu yake, mawe yake. Alitafuta vyungu viwili vyenye kuenea, akamufunika vizuri. Nikamuambia Prof: huyu lazima arudi. Akanijibu mbele ya wote, na mukono juu ya kamba ya C3:

"Tutapima, tutachora, kisha tutamurudisha hapa hapa. Mashimo mengine mufukie. Hili libaki wazi, linamungoja."

Njo maana liko wazi. Sasa mumejua.

Fiche ya mutoto aliiandika Papa Zihindula. Hakumuomba mutu ruhusa. Alitandika kitambaa, akatoa bic ya bluu, akaandika kwa maandishi yake ya batême, na pale kwa origine akaweka yote: groupement, chefferie, kabila. Kabila lenyewe sitaliandika hapa. Limeandikwa vya kutosha.

"Papa, tulishaongea," nikamuambia.

"Mutoto haandikwi kama kigae," akasema. "Utamuandika C3? Unamufanya mufungwa?"

Sikuweza kumukasirikia. Alitaka kumupa heshima, na heshima aliyoijua ilikuwa ile. Prof akasoma, akapangusa miwani. "Tutarekebisha Bukavu," akasema. Nyinyi wadogo, mukisikia kitu kitarekebishwa Bukavu, mukirekebishe palepale na magoti ndani ya udongo.

Bukavu vitu vyetu vilikuwa ndani ya chumba chenye paa linalovuja. Msimu wa mvua tulikuwa tunahamisha mifuko kutoka kona hii kwenda ile. Président akaja kuona, akafunua kitambaa, akasoma fiche. Akaisoma tena kwa sauti, akiwekea kidole chini ya kila neno.

"Njo vile," akasema. "Njo vile. Sayansi imesema."

Nikamuangalia Prof. Alikuwa anaangalia ndoo iliyowekwa chini ya pale panapovuja.

Président akapiga picha kwa telefone, na mbele ya jua kuchwa picha ilikuwa imezunguka Bukavu yote. Kisha akajenga. Siwezi kusema uongo, alijenga vizuri: Maison, nyumba ya kuonyeshea vitu vya zamani, yenye paa jipya, makabati, taa, na katikati kisanduku cha kioo. Ndani ya kioo wakaweka vyungu viwili, wakavifungua, na mutoto katikati kwenye kitambaa chekundu. Fiche ya Papa Zihindula wakaiandika upya kwa herufi kubwa.

Kwa sherehe ya kufungua walitaka watoto waimbe. Ornella alijifunza wimbo, nikamushonea kijinguo cha kitenge, akawa anaimba mpaka jirani wa Cimpunda wanapiga ukuta. Siku moja mbele ya sherehe, mama anayesimamia kwaya akanivuta pembeni.

"Mama Ornella, usikasirike. Baba yake si wa plaine?"

"Ni wa Luberizi."

"Njo ile. Si mubaya, beko batu bazuri. Ila ile siku ni ya batoto ba kwetu. Atakaa mbele, ataona vizuri."

Nilimuuliza kama wimbo unajua baba ya mutoto. Akasema si yeye, ni liste ya majina. Basi Ornella alikaa mbele, na kijinguo, na aliona vizuri. Alikuwa anatembeza mudomo bila kutoa sauti, juu nilikuwa nimemuambia asiimbe, na ile sitaisahau.

Président akashika mikro. "Huyu njo mutoto wetu wa kwanza," akasema, na mukono juu ya kioo. "Bengine balikuja, balimukuta." Watu wakapiga makofi. Prof alikuwa amekaa nyuma yake, na suti ambayo sikuwahi kuiona. Nikamungoja aseme juu ya kidole gumba. Nikamungoja aseme juu ya viza. Wakamupa mikro, akashukuru kwa paa.

Hesabu yangu ni fupi, sikusoma mbali. Mutoto aliyekufa zamani, ambaye hakuna mutu duniani anayejua mama yake alisema luga gani, yeye iko na kwao. Wangu, niliyemuzaa mimi, niliyemulaza juu ya mukeka pembeni ya shimo lile lile, yeye hana. Na wote wawili wamefanywa vile kwa musitari mmoja.

Nilimufuata Prof nyuma ya jengo, pale tulipokuwa tunaoshea vigae.

"Ulisema tutamurudisha."

"Mama Ornella, umeona lile paa? Vigae vyetu vililala ndani ya maji misimu mingapi?"

"Na mutoto?"

"Angalau iko pakavu."

"Alikuwa pakavu mu chungu, Prof. Mama yake alimuwekea pakavu. Ni sisi tulimutoa."

Akatafuta kofia kichwani, haikuwepo. "Ngoja uchaguzi upite," akasema. "Batasahau." Mimi nilizaliwa ndani ya inchi hii, na sijaona uchaguzi unaopita.

Wakaniweka niwe muongozaji wa wageni ndani ya Maison. Labda walifikiri nitashukuru, kazi ya kusimama, viatu safi. Kila mugeni aliyefika nilimusomea fiche, kisha nikamuambia: hii imeandikwa vibaya. Origine yake ni C3, tabaka la nne. Kabila hatujui. Wengi walikuwa wanatikisa kichwa na kupiga picha. Siku moja akaja papa mmoja wa Uvira, muchekeshaji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kama hamujui," akasema, "basi anaweza kuwa wa kwetu."

"Anaweza."

"Nimubebe?"

"Funguo haiko kwangu, Papa. Ningekuwa nayo, ungenikuta nimeishamupeleka."

Tulicheka, na wageni wengine wakacheka. Maneno yale yalifika kwa Président mbele ya papa yule kufika kwake Uvira. Njo ikakuja kitenge na soda.

Sikurudi Maison tena mpaka juzi, shule ya Ornella ilipopeleka watoto na ikaomba wamama wa kusindikiza. Niliitika juu sikutaka aende peke yake. Mulangoni alikaa Papa Zihindula na kitabu cha wageni. Yeye njo wamebaki naye. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari ya mama yangu.

Watoto wengine walipita haraka, walikuwa na njaa. Ornella akabaki, pua kwenye kioo.

"Maman, mama yake iko wapi?"

Papa Zihindula alikuwa amesimama nyuma yetu. Nikamuona anaangalia fiche, anaisoma kutoka juu mpaka chini, kama mutu anayejua kitu kimeandikwa pale lakini hakioni. Kwa état civil jina la mama linaandikwa kila mara. Alikuwa amejaza yote, groupement, chefferie, kabila, na hakuwa ameacha hata nafasi ya mama.

"Hatujui," akamuambia Ornella.

"Basi hata ile ingine hatuijui," nikasema. "Bic iko mufukoni, Papa. Kwa origine, andika: hatujui."

Akatoa bic ya bluu. Akaisimamisha hewani.

"Ile nafasi haiachwi wazi, mama," akasema. "Nilirudisha watu nyumbani na watoto mugongoni juu ya ile nafasi tupu. Wengine walitoka mbali sana." Akageukia kioo. "Ile shimo yenu, bado iko wazi?"

"Iko. Mvua inaibomoa, lakini iko."

"Funguo ya kioo iko kwa Président," akasema, na sikuwa nimemuuliza.

Akarudisha bic mufukoni. Kisha akakumbuka kazi yake, akaitoa tena, akarudi kwa kitabu cha wageni, juu watoto wote walikuwa wameandikwa isipokuwa mumoja.

"Na wewe, kamama. Jina?"

"Ornella."

"Origine?"

Ornella akaniangalia. Sikumusaidia. Amekulia pembeni ya mashimo, anajua neno lile kwa maana yetu.

"Cimpunda," akasema. "Nyuma ya kibanda ya milango. Kitanda ya upande wa dirisha."

Papa Zihindula akaandika Cimpunda, kwa maandishi yale mazuri. Kisha akangoja, bic juu ya karatasi, atajiwe yanayofuata. Nikamushika Ornella mukono, tukatoka, tukamuacha anangoja.